Safu ya Lugha: Tundu

Neno tundu, katika matamko ya Waswahili, lina maana mbili ambazo mgeni wa lugha huziona zagombana: ni tobo lililotoboka ukutani, nalo ni lile jengo la vijiti au waya afungiwamo ndege; yaani jina moja limebeba njia ya kutokea na mahali pa kufungwa. (Mtundu, yule mtoto asiyetulia, tumwache leo, akiingia hapa hatatuacha tumalize.) Wapo wapendao kusema kizimba, nami sina ugomvi nao, ila kwa habari nitakayoieleza tundu ndilo lenye haki.

Kaboni ya namna iliyogunduliwa mwaka 1985 ina atomu 60 zilizoshikamana kwa sura ya mpira wa kandanda, nyuso 12 za pembe tano na 20 za pembe sita, na ndani mwake mna utupu. Huko Kyoto, Japani, Koichi Komatsu na wenzake walilitoboa tundu hilo tundu, wakaisukumiza ndani molekuli ya haidrojeni kwa shinikizo kubwa, kisha wakaliziba kwa taratibu za kikemia hata pasibaki athari ya jeraha. Hayo yalitangazwa mwaka 2005. Mwaka 2011, Kei Kurotobi na Yasujiro Murata wakatia molekuli moja ya maji, ikakaa humo faraghani, haina jirani wa kushikana naye, hali ambayo maji ya mtungini hayaijui kamwe.