Bakshishi ya Las Vegas: miaka 50 ya kuuliza ni zawadi au ni mshahara

Msimu wa kodi wa mwaka huu, 2026, ni wa kwanza kwa wahudumu wa Marekani kuruhusiwa kuondoa bakshishi, hadi dola 25,000, kwenye mapato yanayokatwa kodi ya serikali kuu. Donald Trump aliitangaza ahadi hiyo Las Vegas mwezi Juni 2024. Agosti yake Kamala Harris naye akaenda mji uleule, akaahidi yaleyale. Katika kelele zote za kampeni sikumsikia aliyekumbusha kwamba ni huko Las Vegas, nusu karne iliyopita, mchezeshaji mmoja wa kamari alipoiburuza serikali mahakamani kwa swali hilohilo: bakshishi ni zawadi au ni mshahara?

Dereva wa teksi alikwisha kulijaribu mwaka 1949, akaambiwa bakshishi ni malipo ya kazi. Mchezeshaji wetu, Bwana Olk, alikuja na hoja nyingine. Yeye alichezesha dadu kwenye kasino, na meza ya dadu ina sheria kali. Ukiisoma hukumu yake unaiona meza yenyewe: wachezeshaji wanne kwa zamu, watatu kazini na mmoja mapumzikoni. Hawaruhusiwi kupiga soga na wateja. Hata wakati wa mapumziko wanakaa mbali nao. Anayempendelea mchezaji mmoja anafukuzwa kazi. Hata hivyo, mara mojamoja mchezaji humsukumia mchezeshaji tokeni, au humwekea dau kwa jina lake. Wenyewe waliziita “toke”. Wateja 90 hadi 95 katika kila 100 hawakutoa kitu.

Sasa, akauliza Olk, hayo ni malipo ya huduma gani? Mhudumu wa mkahawa anakuletea supu ikiwa moto, dereva anakubebea sanduku, lakini mchezeshaji haruhusiwi kukufanyia lolote ambalo hakumfanyia jirani yako. Hakimu wa Nevada, ambaye bila shaka aliwajua wacheza kamari wa mji wake, alikubaliana naye. Alisema watu hutoa kwa ukarimu wa ghafla au kwa ushirikina, na toke ni zawadi. Zawadi haikatwi kodi ya mapato.

Mwaka 1976 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa ikaupindua uamuzi huo. Silaha yake ilikuwa hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1960 kuhusu gari aina ya Cadillac ambalo mfanyabiashara alipewa na mwenzake wa biashara: zawadi ya kweli, ilisemwa pale, hutolewa bila kutarajia kitu. Majaji wa rufaa wakaugeuza ushirikina dhidi ya Olk mwenyewe. Mtu anayetoa sadaka kwa miungu ya bahati anatarajia irudi maradufu, tena upesi! Zaidi ya hapo, toke zilikusanywa na kugawanywa sawasawa mwisho wa zamu, kila siku, na kitu kinachoingia kila siku kwa utaratibu kinafanana na mshahara. Mpagazi wa Kilimanjaro anayegawiwa tipu na wenzake mwisho wa safari angeielewa hoja hiyo, ingawa sina hakika kama angeipenda. Mimi naona hakimu wa Nevada alikuwa na akili zaidi, na majaji wa rufaa walikuwa na sheria zaidi.

Toka hapo lililobaki lilikuwa kuhesabu. Mfanyakazi anayepata dola 20 au zaidi za bakshishi kwa mwezi humwandikia mwajiri kufikia tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Mwaka 1982 Bunge likaongeza kipimo cha kushuku: mkahawa mkubwa ambao bakshishi zilizotajwa hazifiki asilimia 8 ya mauzo, tofauti hugawanywa kwenye majina ya wahudumu. Mkahawa wa Kiitaliano wa San Francisco, Fior d'Italia, ulipinga IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kukadiria bakshishi za wafanyakazi wake wote kwa kutumia risiti za kadi za benki. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ikaipa IRS ushindi, majaji sita kwa watatu.

Wakati huohuo kima cha chini cha mshahara ambacho sheria ya taifa humruhusu mwajiri kumlipa mpokea bakshishi ni dola 2.13 kwa saa. Kimekwama hapo tangu 1991, na sheria ya Julai 2025, iliyoleta nafuu hii ya kodi ya bakshishi, haikukigusa. Haikugusa pia makato ya hifadhi ya jamii. Asiyepata kipato cha kutosha kutozwa kodi ya mapato, naye ndiye mhitaji hasa, hapati nafuu yoyote. Nafuu yenyewe inaisha 2028.

Wizara ya Fedha imetoa orodha ya kazi zinazostahili, na wachezeshaji wa kamari wamo. Lakini ili pesa hiyo ihesabiwe kuwa bakshishi, inasema sheria, lazima mteja awe ametoa kwa hiari yake, amepanga kiasi mwenyewe, na kama asingetoa asingefanywa kitu. Bwana Olk alisema karibu hayohayo, akashindwa.