Nyumba za mwambani: Wadogon wa Bandiagara na wageni wao

Katika nchi ya Mali, mashariki ya mji wa Mopti, uwanda wa juu wa mawe ya mchanga hukatika ghafula na kuitazama tambarare ya Séno iliyo chini yake. Ukuta huo wa mwamba, uitwao genge la Bandiagara, una urefu wa kilomita 150 hivi, na penye kimo kikubwa hufikia mita 500. Mgeni anayeukaribia kutoka tambarare haoni vijiji mara moja. Huona mawe tu, yaliyoporomoka zamani na kulundikana miguuni pa genge. Jicho likisha kuzoea, baadhi ya mawe hayo hujitokeza kuwa na pembe nne na vilango vidogo, naye hutambua kwamba muda wote alikuwa akitazama nyumba. Zimejengwa kwa mawe na udongo wa papo hapo, kwa hiyo rangi yake ni ile ile ya mwamba. Na zile zilizo juu zaidi, zilizopachikwa chini ya paa la jabali, hazina haja ya ukuta wa nyuma.

Kijiji cha Teli ni mfano mzuri. Kijiji cha kale kimekaa juu, ndani ya ufa mrefu wa mwamba ambamo mvua haiingii. Kijiji cha leo kiko chini, karibu na mashamba ya mawele. Anayepanda hutumia ngazi za Wadogon, yaani gogo lenye panda juu, lililochongwa vidato upande mmoja. Humo wengi hukosea kuhesabu: vijumba vyembamba na virefu wanavyovidhania kuwa makazi ya watu ni ghala za nafaka, nazo ni nyingi kupita nyumba. Mume ana ghala yake na mke ana yake, na si desturi mmoja kufungua ya mwenzake. Baraza la wazee, liitwalo *toguna*, huezekwa kwa mabua ya mawele tabaka juu ya tabaka, na paa lake hushushwa makusudi hata mtu mzima asiweze kusimama. Anayeinuka kwa hasira hugonga kichwa, hukaa tena, na mazungumzo huendelea.

Wadogon hawadai kwamba wao ndio waliokuwa wa kwanza mwambani. Wenyeji waliowatangulia huwaita *Tellem*, neno ambalo maana yake ni «tuliwakuta». Ni nadra jina la taifa zima kuwa sentensi ya mwenye kufika baadaye. Nalo ni ungamo la kihistoria ambalo watu wengi wenye ardhi ya kugombania hawalitamki. Wataalamu wa Uholanzi, walioanza kazi huko mwaka 1964, walikuta katika mapango ya juu mifupa, vyungu, na vipande vya nguo za pamba na sufu, vya kale kabisa miongoni mwa nguo zilizosalia Afrika ya Magharibi. Kwa vipimo vyao Watellem waliishi hapo tangu karne ya 11, na Wadogon waliingia yapata karne ya 15, wakitokea upande wa Mande kama simulizi zao zisemavyo. Kuhusu jinsi watu hao wa kwanza walivyofika kwenye mapango ambayo leo hayana njia, wazee husema walijua uganga wa kuruka. Watafiti huwaza kamba za magome ya mbuyu. Ikumbukwe kwamba Wadogon wenyewe, walioyafanya mapango hayo kuwa makaburi, huwapandisha maiti wao kwa kamba hizo hizo. Kwa hiyo uganga na kamba havikuwa mbali sana.

Kwa nini watu wakae mahali ambapo kila mtungi wa maji hupandishwa kwa kichwa? Jibu liko chini, kwenye tambarare. Wapanda farasi wa falme za Wamossi na Wasonghai, na tangu 1818 wale wa dola ya Wafulani wa Macina, walitafuta watumwa na nafaka, na farasi hapandi ngazi ya gogo. Genge lilikuwa boma lisilojengwa na mtu. Wadogon walikwepa pia dini ya watawala hao, ingawa leo Waislamu ni wengi kati yao. Hata wakubwa walikimbilia humo: El Hadj Umar Tall, aliyeipindua Macina, aliposhindwa na maasi alikufa mwaka 1864 katika pango la Déguembéré, na mpwa wake Tijani akaufanya mji wa Bandiagara kuwa makao ya utawala. Ufaransa iliuteka mji huo mwaka 1893. Mashambulizi ya farasi yalipokoma, vijana walianza kushuka kulima tambarare, na vijiji vya juu vikabaki kwa wazee, kwa matambiko na kwa wafu. Hapana aliyewafukuza, walishushwa na amani. Wageni waliofuata mara nyingi wameyasoma magofu hayo kana kwamba ni dalili ya watu kupotea, kumbe wenyewe wako chini wanapalilia.

Miongoni mwa wageni hao hakuna aliyewahi kusikika kama Marcel Griaule. Alifika Sanga mwaka 1931 na msafara wa Dakar-Djibouti, ambao hadi 1933 ulivuka Afrika, ukipita pia kaskazini mwa Kongo ya Wabelgiji, ukarudi Paris na vitu vipatavyo 3,500. Mwandishi wa msafara, Michel Leiris, alieleza bila kificho katika kitabu chake cha 1934 jinsi vingine vilivyopatikana kwa vitisho na kwa wizi. Griaule alirudi Sanga mara nyingi. Mwaka 1946 alizungumza kwa siku 33, kupitia mkalimani, na mzee kipofu aitwaye Ogotemmêli, na mazungumzo hayo yakawa kitabu *Dieu d'eau* cha 1948. Wasomi wa Kongo walikisoma kitabu hicho kando ya *La philosophie bantoue* cha Placide Tempels, kilichochapishwa Élisabethville mwaka 1945. Vyote viwili vilimtangazia Mzungu kwamba Mwafrika ana mfumo wa fikra. Na katika vyote viwili, sauti isikikayo mwisho ni ya Mzungu.

Mwaka 1991 Walter van Beek, aliyeishi miaka kadhaa kati ya Wadogon, aliandika kwamba wenyeji aliowauliza hawakuijua sehemu kubwa ya elimu hiyo ya siri. Mjadala ulikuwa mkali. Yafaa hata hivyo kutofautisha mambo mawili. Kwamba mzee mmoja mwenye akili kali aliulizwa maswali mengi na akajibu kwa kujenga, hilo halimfanyi mwongo. Kosa ni kuyachukua maneno yake yaliyopita katika kinywa cha mkalimani, kisha katika kalamu ya Kifaransa, na kuyaita imani ya taifa zima. Watu wa Sanga kwa upande wao walikuwa na kipimo kingine: Griaule alipofariki mwaka 1956 walimfanyia matanga ya kidogon, na sanamu ikashika nafasi ya maiti iliyokuwa Ufaransa. Walikumbuka bwawa alilowasaidia kupata, linalomwagilia bustani za vitunguu.

Tena «Kidogon» anachokitaja mgeni kwa umoja hakipo. Ziko lugha ishirini hivi, na wasemaji wa genge moja huweza kushindwa kuelewana. Upande wa magharibi liko kundi la vijiji vichache vinavyosema Kibangime. Wenyeji hujiita Wadogon, lakini wanaisimu hawajaona undugu wa lugha yao na lugha nyingine yoyote. Huenda mwamba ulihifadhi humo usemi wa watu waliokuwapo kabla ya wote.

Juu ya lugha hizo za nyumbani ipo *sigi so*, lugha ya Sigui, aliyoichunguza Leiris katika kitabu cha 1948. Msamiati wake ni mdogo, na hujulikana na wanaume waliofundishwa, na wanawake wachache mno. Simulizi za Sanga zasema kwamba zamani mzee hakufa bali aligeuka nyoka. Mmoja wao, akiwa tayari nyoka, alikasirishwa na vijana akawakemea kwa lugha ya binadamu badala ya ile ya mizimu. Kwa kosa hilo la lugha akafa, na kifo kikaanza. Sigui hufanywa kila baada ya miaka 60 kwa ajili ya tukio hilo. Ile ya mwisho ilianzia Yougo, kijiji kilichojibana kati ya miamba, mwaka 1967, ikapita kijiji kwa kijiji hadi 1973, huku Jean Rouch na Germaine Dieterlen wakiipiga filamu.

Mwaka 1989 Unesco iliandika genge hilo, hektari 400,000 na vijiji 289, katika Urithi wa Dunia. Watalii waliongezeka, na pamoja nao wanunuzi wa milango ya ghala iliyochongwa. Milango mingi iliyo mahali pake leo ni ya mbao tupu. Tangu vita vya 2012 watalii wamekoma. Uhasama wa kale kati ya mkulima na mfugaji, uliokuwa na mapatano yake ya malisho na samadi, umeshika bunduki: tarehe 23 Machi 2019 Wafulani zaidi ya 150 waliuawa Ogossagou, na mwezi Juni mwaka huo huo watu 35 wa kijiji cha Kidogon cha Sobane Da. Familia nyingi zimehama, na safari hii hazikukimbilia mwambani bali mijini, kwa kuwa risasi hupanda mahali ambapo farasi hakupanda.

Kwa hesabu ya wazee Sigui ijayo huangukia mwaka 2027, na yapaswa kuanzia Yougo. Aliyejifunza *sigi so* mwaka 1967 akiwa na umri wa miaka 15 atakuwa na miaka 75.