Fuvu la Mkwawa na Siasa za Uhehe

Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliitaka Ujerumani irudishe, katika muda wa miezi sita, vitu viwili visivyofanana hata kidogo: Kurani iliyosemekana kuwa ya Khalifa Uthman, na fuvu la Sultani Mkwawa wa Uhehe. Hivyo, katika mkataba uliogawanya milki za dunia, mtu wa Kalenga alitajwa kwa mfupa wake.

Mkwawa alikuwa amelivunja jeshi la Emil von Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Wajerumani waliiteka ngome yake ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894, lakini yeye aliponyoka, akapigana porini karibu miaka minne, na kichwa chake kikatiwa bei ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, alipoona adui wamemkaribia huko Mlambalasi, alijipiga risasi. Askari walimkuta maiti, na kichwa kikakatwa.

Kukata kichwa cha adui ni desturi ya kale ya vita, wala Wajerumani hawakuianzisha. Lililokuwa jipya ni kukitia kichwa katika hesabu. Siku zile makumbusho na vyama vya elimu vya Ulaya vilikusanya mafuvu kutoka makoloni, vikayapima upana kwa urefu, na wengi wakadai kwamba kwa vipimo hivyo waweza kujua daraja la taifa la mtu. Hiyo ilikuwa dharau iliyovaa joho la elimu, na vipimo vya namna hiyo havikukosa kazi katika Ujerumani ya Hitler. Yafaa hapa kuliangalia neno lenyewe. Kwa Kiswahili fuu, au fuvu, ni kitu kilichokwisha kutolewa cha ndani, kama gamba tupu la yai au la nazi. Aliyekatwa Mlambalasi alikatwa kichwa. Kilichowekwa rafuni kikawa fuvu, chenye namba badala ya jina.

Ujerumani ilikana kuwa nalo, na jambo likalala zaidi ya miaka thelathini. Gavana Sir Edward Twining ndiye aliyelifufua. Mwaka 1953 alikwenda katika makumbusho ya Bremen, akachagua mafuvu ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya jamaa za Mkwawa walio hai, kisha akatwaa lile lililokuwa na tundu la risasi. Ajabu ni kwamba kipimo kile kile kilichowadhalilisha Wahehe ndicho kilichotumiwa kuwarudishia mkubwa wao. Wataalamu kadha wametia shaka kama ndilo lenyewe, na shaka hiyo ina haki yake.

Lilikabidhiwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954 kwa Mtwa Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Hapana shaka Gavana hakusukumwa na huruma peke yake. Vita vya Mau Mau vilikuwa vikiendelea Kenya, na Wahehe walihesabiwa hodari wa uaskari. Serikali ilitaka kumpa heshima mtemi aliyepigana na Wajerumani ili wajukuu wake waitii Uingereza. Walakini siku kumi na nane tu baadaye, tarehe 7 Julai, TANU iliundwa Dar es Salaam.

Mfupa haukubaki katika mkono wa aliyeurudisha. Mtu aliyekataa kushikwa na wageni angewezaje kuwa hoja ya kuwatii wageni? Jina la Mkwawa lilivuka mipaka ya Uhehe, likawa la Watanganyika wote wasimuliapo upinzani wao, pamoja na Maji Maji. Adam Sapi naye hakuishia kuwa chifu wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1962 alikuwa Spika wa Bunge la Tanganyika. Mwaka uliofuata uchifu ukafutwa kwa sheria, naye akakiongoza kiti hicho hadi 1973, kisha tena toka 1975 hadi 1994. Fuvu lenyewe limewekwa katika makumbusho ya Kalenga, ndani ya kioo, mahali palipokuwa ngome yake.