Kishishe walikufa watu wangapi?



Kila mara tunapopitisha daftari ya majina ya wafu katika mikutano yetu, kuna mtu anainua mkono na kuuliza: hii kazi si ya serikali? Juu ya nini mama aliyekimbia na watoto na sufuria moja aulizwe tena jina, umri na kijiji cha marehemu? Swali ni la haki. Nataka kulijibu kwa historia, na nitaanza na Kishishe, juu wengi wetu tunatoka Bwito ao tuko na ndugu kule.

Mauaji ya Kishishe na Bambo, teritware ya Rutshuru, yalikuwa tarehe 29 na 30 mwezi wa 11, 2022. Kwanza Kinshasa ilitangaza wafu 50, ikaweka na siku 3 za maombolezo. Tarehe 5 mwezi wa 12, waziri Julien Paluku akasema ni 272. M23 nao wakasema raia waliokufa ni 8, na kwamba walipigwa na risasi zilizopotea. Kijiji kimoja, juma moja: 8, 50, 272. Mtu wa Kishishe aliyekuwa anasikiliza redio hapa Goma alibaki kuchagua hesabu vile watu wanachaguaga timu ya mpira.

Kisha ONU ikatoa ya kwake: si chini ya watu 131, wanaume 102, wanawake 17, watoto 12. Angalieni vizuri ile hesabu ilitoka wapi. Wachunguzi hawakufika Kishishe. Waliketi Rwindi, karibu kilometa 20 na Bambo, wakaongea na watu 52, wahanga na mashahidi wenye walikuwa wamekimbia. Kazi ilipoendelea, hesabu ikapanda mpaka 171 kwa zile siku za mwisho wa mwezi wa 11. Sisemi 171 ni neno la mwisho. Ninasema kwamba kati ya hizo zote, ndiyo ilituambia iliuliza nani na wapi. Na wale iliowauliza walikuwa madeplase, watu kama sisi.

Kuna wenye kusema serikali inapunguzaga wafu sikuzote. Si kweli, Kishishe inaonyesha. Inategemea bunduki ilikuwa ya nani. Tarehe 30 mwezi wa 8, 2023, hapa hapa Goma, askari wa Garde ya Republika walifyatulia watu wa kanisa moja waliokuwa wanajitayarisha kuandamana juu ya MONUSCO. Siku ya kwanza hesabu ya wakubwa ilikuwa ndogo sana. Kisha video ikazunguka katika simu, askari wanavuta maiti na kuzitupa ndani ya lori. Kesho yake serikali ikasema 43, na baadaye ikajulikana kwamba walipita 50. Kweli, koloneli mmoja alihukumiwa kufa mwezi wa 10. Lakini bila ile video, nani angelazimishwa kuhesabu tena?

Wazee wanakumbuka mambo ya zamani zaidi. Tarehe 20 mwezi wa 11, 2012, M23 iliingia mji. Jeshi lilishuka Sake, likaenda mpaka Minova. Katika lugha ya jeshi kuondoka vile kunaitwa repli stratejiki. Repli ilifika Minova, na ONU ilihesabu pale wanawake na wasichana 135 waliotendewa ubakaji ao ukatili mwingine wa kimwili na askari wa serikali. Kwa waasi pia, Goma na karibu yake, ilihesabu visa 59. Kesi ilifunguliwa Goma, washtakiwa 39. Mwezi wa 5, 2014, wale waliohukumiwa kwa ubakaji walikuwa 2.

Na tusidhani ni ugonjwa wa Kinshasa peke yake. Kampi za Kibumba, Katale na Mugunga zilipovunjika mwisho wa 1996, Kigali ilikuwa inakana kwamba askari wake wako Zaïre. Mwezi wa 7, 1997, vita ikiwa imeisha, Paul Kagame mwenyewe aliambia gazeti la Washington Post kwamba Rwanda ndiyo ilipanga na kuongoza ile kampeni. Watu wa Mugunga walikuwa wamejua miezi 8 mbele.

Hasara ya kutoamini iko kubwa, na mimi katika kazi ya tereni naionaga kila siku. Mtu asiyeamini komunike yoyote haishi bila habari; anaamini odio ya WhatsApp. Familia moja inauza mbuzi kwa bei ya bure na kukimbia juu ya sauti isiyojulikana, jirani anabaki juu "wanadanganyaga tu", na wote wawili wanapoteza. Tarehe 23 mwezi wa 12, 2022, M23 ilitangaza kwamba imeachia Kibumba kikosi cha Afrika Mashariki. Jeshi likasema ni ujanja. Madeplase wa Kanyaruchinya walikuwa na makaratasi mawili yenye kupingana, na shamba lilikuwa tu pale juu, kilometa chache. Wenye akili walituma kijana mmoja aende kuangalia nani yuko kwenye barriere, kisha arudi.

Mwaka wa 2025 tumeona yote haya kwa pamoja. Mwezi wa 2, madeplase wa Bulengo waliambiwa wako na saa 72 za kuondoka. Kisha komunike ikasema kurudi ni kwa hiari. Tarehe 24 ya mwezi ule, waziri wa kwanza Judith Suminwa alisema huko Genève kwamba tangu mwezi wa kwanza watu zaidi ya 7.000 wamekufa mashariki, na kwamba maiti zaidi ya 2.500 zilizikwa bila kutambuliwa. Wengine wanapinga hesabu ya kwanza. Mimi hii ya pili ndiyo inanisumbua, juu kila mmoja wa wale 2.500 ana mtu anayemngojea.

Mjane asiye na karatasi ya kifo anarudi kijijini na kukuta shemeji ameshagawa shamba: "Bwana yako atarudi, ngoja." Akienda kwa eta sivili amechelewa, wanamtuma tribinali, na tribinali inauliza mashahidi na tarehe. Pale ukurasa wa daftari unaweza kusaidia, kama umeandikwa vizuri: jina lote, jina la baba, lokalite, siku, mahali alipozikwa kama panajulikana, na watu wawili walioona, si waliosikia. Nani alifyatua hatuandiki. Wengine wameniuliza kama ni woga. Ni woga pia, lakini zaidi ni kwamba mjane anahitaji ile karatasi leo, chini ya mamlaka yoyote yenye kuketi ofisini.

Kwa sasa kurasa za Kibumba na Sake zimejaa kiasi. Za Bambo na Tongo bado nyeupe. Mwenye kutoka kule aje na shahidi wake wa pili; akiwa kijijini na simu inapita, tutamuandika kwa simu.