Mhunzi, Dobi na Sharti la Kukodi Duka

Mjukuu anayefungua hati ya zamani ya kukodi duka, akasoma kwa Kiarabu kwamba mpangaji asimtie humo mhunzi wala dobi, huudhika upesi. Hudhani babu zetu waliwadharau mafundi. Dharau ilikuwepo, tusijidanganye, lakini sharti hili halikuzaliwa humo.

Asili yake ni fiqhi ya ijara. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameeleza katika Minhaj al-Talibin, kitabu walichokitegemea makadhi wa Kishafi wa pwani ya Afrika Mashariki, kwamba aliyekodi nyumba aweza kumweka mtu mwingine aliye mfano wake, ila si mhunzi wala dobi. Hidaya ya Mahanafi humuongeza msagaji. Sababu ni ukuta. Nyundo ya mhunzi hutikisa, dobi wa zama hizo alizipiga nguo kwa gongo, na jiwe la kusagia huchosha msingi. Nyumba za udongo, kama zile za Nizwa na Ibra, hazistahimili mtikisiko wa kila siku. Mwenye nyumba akiridhia, katazo huondoka, kwani ni haki ya mali yake tu.

Maibadhi nao hawakuliacha. Nizwa ndiyo iliyowatoa Muhammad bin Ibrahim al-Kindi, mwandishi wa Bayan al-Shar', na Ahmad bin Abdullah al-Kindi wa al-Musannaf, na humo ijara na madhara baina ya majirani yamejadiliwa kwa upana.

Mpangilio wa soko ni jambo jingine. Pale Nizwa samaki, nyama, tende na fedha kila kimoja kina upande wake, na Ibra soko la Jumatano ni la wanawake. Hayo ni ada na usimamizi wa soko, hayatoki katika mkataba wa mpangaji mmoja.

Mambo yamebadilika. Kwa Amri ya Kisultani nambari 6 ya 1989 mikataba ya kukodi husajiliwa, na aina ya biashara hutajwa katika leseni. Siku hizi mwenye jengo huweza kukataza duka la pili la kahawa ili la kwanza lisipungukiwe na wateja. Ulinzi wa namna hiyo sikuuona katika vitabu nilivyovitaja.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaotaka sharia ya ijara iwazuie wenye mikahawa waliohamia nyumba kongwe za Harat al-Aqr, kando ya ngome ya Nizwa, wakisema masonara wanapotea. Sharti la kale halikulinda ufundi. Faqihi angeuliza maji ya kuoshea vikombe yanamwagikia wapi, maana udongo huliwa na maji kuliko nyundo.

Mwenye hati ya namna hiyo nyumbani atazame maneno yanayofuata jina la kazi. Ikiwa imetajwa ridhaa ya mwenye nyumba, basi mhunzi hakufukuzwa. Alitakiwa aombe kwanza.