Sarafu ya Tembo, na Jinsi ya Kuisoma Fedha ya Zamani

Leo nataka kunena nanyi juu ya fedha. Si namna ya kuipata, maana hilo kila mtu ana shauri lake, bali namna ya kuisoma.

Wazee wetu wa Buhaya walihesabu mali kwa simbi. Simbi haina mwaka wala jina la mtawala. Lakini sarafu husema ni nani aliyeitoa, na lini. Na sura yake ikibadilika, ujue kwamba limebadilika jambo katika nchi.

Tazama kwanza rupia ya fedha ya Wadachi. Zile za tangu 1890 hata 1902 zina sura ya Kaiza Wilhelm wa Pili, amevaa kofia ya chuma. Na upande wa pili pana simba na mti mfano wa mnazi, pamoja na jina la Kampuni ya Wadachi ya Afrika ya Mashariki. Kisha tazama rupia ya 1904 au ya baadaye. Kaiza yupo, bali simba ametoweka, na jina la Kampuni halipo tena. Pameandikwa jina la nchi tu. Sababu yake ni nini? Serikali ya Udachi iliitwaa nchi mikononi mwa Kampuni tangu 1 Januari 1891, lakini Kampuni iliendelea kutoa fedha kwa miaka zaidi ya kumi. Hesabu nayo ikageuka: zamani rupia moja ilikuwa pesa 64, na tangu 1904 ikawa heller 100. Ukiona herufi ndogo A, sarafu ilipigwa Berlin. Ukiona J, ilipigwa Hamburg.

Sasa tuje kwenye dhahabu. Vita vilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza ziliifunga pwani, na fedha kutoka Ulaya ikawa shida kufika. Askari na wapagazi walitaka ujira wao. Serikali ikachapa noti za karatasi hapa hapa nchini. Kisha katika karakana ya reli huko Tabora zikapigwa sarafu: heller za shaba, na rupia 15 za dhahabu iliyotoka machimbo ya Sekenke. Upande mmoja yuko tembo mbele ya milima, na mwaka 1916, na herufi T, yaani Tabora. Upande wa pili yuko tai wa Kaiza.

Mwanafunzi ataniuliza: “Mwalimu, ikiwa mwaka ni mmoja tu, tutatafuta tofauti gani?” Swali jema. Tazama upande wa tai, lile pambo la mkono wa kuume lililojipinda kama kikonyo cha mtango. Katika sarafu nyingine ncha yake inakoma chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA; katika nyingine inakoma chini ya A ya kwanza. Hiyo ni alama ya mihuri miwili ya chuma, iliyochongwa kwa mkono, wala mkono wa mtu haurudii mstari ule ule mara mbili. Sarafu zote hazikuzidi elfu kumi na saba.

Mizani nayo husema. Sarafu hii ina uzito wa gramu 7 na kidogo, lakini katika sehemu 100 ni sehemu 75 tu zilizo dhahabu, yaani gramu 5 na nusu hazitimii. Marki 20 za Udachi, ambazo kwa hesabu ya serikali zilikuwa sawa na rupia 15, zilikuwa na dhahabu safi zaidi ya gramu 7. Jina lilikuwa lile lile, bali dhahabu imepungua. Ndivyo vita vinavyokula.

Mji wetu wa Bukoba ulivijua vita hivyo. Mwezi wa Juni 1915 Waingereza waliushambulia, wakaubomoa mnara wa simu ya upepo. Na Juni 1916 wakaja kukaa. Tabora ikaanguka mikononi mwa Wabelgiji tarehe 19 Septemba mwaka ule ule, na upigaji wa sarafu ukakoma. Basi sarafu ya tembo ikionekana huku kwetu, yaelekea ililetwa na msafiri au mfanyabiashara baadaye.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkiikuta sarafu ya zamani ndani ya kibweta cha bibi, msiisugue kwa majivu wala mchanga, maana mtaifuta herufi iliyokuwa shahidi. Wala msiipeleke kwa sonara upesi kuyeyushwa iwe pete. Tena msidanganyike: za kuigiza ni nyingi. Itazameni kwanza pande zote mbili, mwaka, herufi na pambo. Kisha mwulizeni bibi ilifikaje mikononi mwake, nanyi mkayaandike maneno yake. Dhahabu hukaa miaka mingi kibwetani, lakini habari zake huzikwa pamoja na mwenyewe.