Dawa Iliyobaki katika Unga

Natumaini mmekwisha kaa, na taa imewashwa, na daftari ziko tayari. Leo tutasimulia habari za dawa ya kufukiza nafaka, na jinsi watu wa Marekani walivyokuja kujua kwamba sumu waliyodhani imekwenda zake na upepo, kumbe ilikuwa bado imo ndani ya unga.

Kila mkulima anamjua fukusi, jinsi anavyotoboa punje akakaa humo. Katika maghala makubwa huuawa kwa gesi. Nafaka hufunikwa kwa turubai, dawa hutiwa, na gesi hupenya mpaka ndani ya punje. Baada ya siku kadhaa turubai hufunuliwa, hewa ikapita, na gesi ikatoka. Hiyo ndiyo sifa yake: huua, kisha huondoka. Lakini je, huondoka yote? Mama akifukiza kanga kwa udi, moshi huisha upesi, bali harufu hukaa katika nguo siku nyingi. Punje nayo ina mafuta ndani yake, na mafuta hushika dawa.

Katika mwaka 1948 Serikali ya Marekani iliruhusu dawa iitwayo ethilini daibromidi, nasi tutaiita E.D.B. kwa kifupi. Iliua wadudu ardhini, katika matunda, katika ghala, na hata ndani ya mashine za kusagia unga. Tena ilikuwa rahisi, maana nyingi zaidi ilikwisha kutengenezwa kwa ajili ya kuchanganywa na petroli yenye risasi. Mwaka 1956 wakubwa wa chakula wa nchi ile waliamua kwamba hapana haja ya kuweka kiwango cha E.D.B. katika nafaka. Walisema gesi itatoka, na ikiwa itabaki kidogo, moto wa kuokea mkate utaimaliza. Siwezi kuwalaumu sana kwa siku ile. Hawakuwa na mizani ya kupimia kitu kidogo namna hiyo, na kisichopimika ni rahisi kukiita hakipo.

Mizani ilipatikana punde. Katika mwaka 1957 Mwingereza James Lovelock alibuni kifaa cha kutambua dawa za aina hii hata zikiwa chache mno. Kazi yenyewe huenda hivi. Nafaka hulowekwa katika asetoni na maji ili dawa itoke ndani ya punje. Kisha maji yale huchukuliwa tone dogo, likapitishwa kama mvuke katika bomba refu jembamba. Kila dawa hupita kwa mwendo wake, moja ikitangulia, nyingine ikifuata. Mwisho wa bomba ndipo kilipo kifaa cha Lovelock, nacho huonyesha ni dawa gani iliyofika, na kiasi chake.

Sasa wataalamu wakaanza kuhesabu kwa sehemu katika milioni elfu. Msiogope hesabu hii. Chukueni magunia 10,000 ya unga, kila gunia kilo 100. Tieni humo gramu 1 tu ya dawa, mkachanganye vizuri. Hiyo ndiyo sehemu 1 katika milioni elfu.

Mtu atauliza, gramu moja katika magunia elfu kumi itamdhuru nani? Swali hili ni la haki. Mwaka 1974 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilitangaza kwamba panya waliopewa E.D.B. walipata saratani ya tumbo. Panya wale walipewa dawa nyingi, si chembe kama za mkate. Lakini kwa sumu ya namna hii wataalamu hawakuweza kuonyesha kipimo ambacho chini yake hapana hatari kabisa. Na mkate huliwa kila siku, na mtoto pia huula. Mwaka 1982, huko California, mfanyakazi aliingia katika tangi lililokuwa na mabaki ya E.D.B. akaanguka. Mwenzake aliingia kumwokoa. Wote wawili walikufa.

Hata hivyo Serikali ilikawia. Uchunguzi ulianza mwaka 1977, na miaka sita ikapita katika mabishano. Hapo ndipo lawama inapostahili, maana sasa mizani ilikuwapo. Mwaka 1983 dawa ilionekana katika maji ya visima, ikakatazwa kutiwa ardhini. Mwezi wa Desemba jimbo la Florida likaanza kuondoa madukani unga wa keki na vyakula vingine vilivyokutwa na dawa. Akina mama walisimama mbele ya kabati zao wasijue watupe nini.

Februari 1984 E.D.B. ilikatazwa katika nafaka, na vipimo vikatolewa: nafaka isizidi sehemu 900 katika milioni elfu, unga 150, na chakula kilicho tayari kuliwa 30. Mnaona vinavyoshuka? Ni kwa sababu dawa hupungua katika kusaga, na hupungua tena motoni. Hupungua, lakini haikuisha kama walivyosema mwaka 1956.

Siku hizi maghala mengi, hata ya kwetu, hutumia vidonge vya fosfini. Mabaki yake katika nafaka iliyopigwa hewa vizuri huwa machache sana. Hatari yake kubwa ni pumzi: kidonge kikipata unyevu wa hewa hutoa gesi iuayo, basi mtu asilale chumba kimoja na magunia yaliyotiwa vidonge.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni 900, 150 na 30. Ikiwa ghala lina magunia 5,000 ya unga ya kilo mia mia, na unga una sehemu 150 katika milioni elfu, je, humo mna gramu ngapi za dawa?